Mdhamini Namba Nne

Siku ile mjinga alikuwa Diwani mwenyewe. Ukimuuliza leo hatakuzungusha. Atakuambia ndiyo, nilikuwa mimi, tena mjinga aliyekamilika, mwenye shati jeupe lililopigwa pasi mara mbili na watu thelathini nyuma yake. Tukitaka kusema kweli, ujinga wenyewe ulifanyika siku kumi na moja kabla. Siku ile ndiyo uliposomwa kwa sauti.

Ilikuwa siku ya mwisho ya kurudisha fomu za kugombea udiwani. Ofisi ya kata ilikuwa inafungwa saa kumi kamili alasiri, na Diwani alifika saa nane na robo, kwa makusudi. Aliona huo ndio ujanja. Ukirudisha fomu mapema, mwenye roho mbaya anapata muda wa kuipekua na kukuwekea pingamizi. Ukiirudisha jua likianza kulala, anabaki na ubaya wake mkononi hana pa kuupeleka. Hesabu hiyo aliipiga wiki nzima, na kila alipoirudia aliona kichwa chake kimekaa sawasawa.

Kiti hicho alikuwa amekikalia miaka mitano na alikuwa anaomba mingine mitano. Usidhani ni kiti kikubwa. Kata yenyewe ni vijiji vitatu, shule mbili, na zahanati moja ambayo rangi yake inang'aa kuliko makabati yake ya dawa. Lakini Diwani hakuwa na pa kurudi. Zamani alikuwa na duka la mbegu na mbolea. Vikao vya baraza vikampeleka huku na huku, wateja wakakuta kufuli leo, kufuli kesho, duka likafa kifo cha kawaida bila hata kuugua. Sasa rafu zake zilikuwa zinalaliwa na kuku. Akipoteza udiwani, atabaki mtu mzima wa miaka hamsini na mbili anayeamka asubuhi, anavaa, halafu anakaa.

Mtaani hawakumwita Mheshimiwa ila mbele yake na mbele ya wageni. Jina lake lilikuwa Leta. Mtu akitokea na karatasi, hata salamu hajamaliza, Diwani ameshanyoosha mkono: leta. Barua ya utambulisho, fomu ya shule, maombi ya kukata mti ulioinamia nyumba, vyote alivisaini papo hapo, juu ya kiti cha pikipiki, juu ya gunia, juu ya mgongo wa mtu aliyemtangulia kwenye foleni. Saini yake ilikuwa na mkia mrefu unaozunguka mara mbili na kumalizikia kwa nukta, na ile nukta aliipiga kwa nguvu mpaka karatasi ya chini ikaumia. Alijivunia kwamba katika miaka mitano hakuna mwananchi aliyeambiwa njoo kesho, na hilo hata maadui zake walimpa. Kuhusu kusoma, hebu tuliache kwanza.

Basi, sheria inamtaka mgombea awe na wadhamini kumi, wapiga kura wa kata hiyo hiyo. Diwani alikuja na thelathini. Asubuhi aliwapanga uani kwake, akawapa uji na maagizo. Aliwaonya kwamba siasa ina mbinu, kwamba mpaka saa kumi wangetokea watu wa kuwalainisha wahamishe saini zao upande wa pili, na kwamba watu hao wangeweza hata kujifanya wametumwa na yeye. Akawaambia wakatae, na hata wakimwona yeye mwenyewe anawaomba, wajue amelishwa kitu, wakatae vilevile. Watu walicheka, wakaapa. Kinyozi, ambaye ndiye alikuwa mpambe wake mkuu na mwenye pikipiki, aliapa mara mbili.

Ndani ya ofisi, msimamizi wa uchaguzi alikuwa amekaa nyuma ya meza yenye mguu mmoja uliowekewa tofali. Alikuwa mtu mwembamba aliyeletwa kutoka wilayani, mtu wa miwani na rula. Rula aliiweka chini ya jina, akalisoma, akaliwekea alama, akaishusha. Thelathini nzima. Diwani alisimama huku akitabasamu, akisikia watu wake wakiimba nje.

Mpinzani alikuwa mmoja tu, na Diwani alipomsikia mara ya kwanza alicheka mpaka akakohoa. Alikuwa shemeji yake, mdogo wa mkewe, fundi wa pampu ya kisima, mwanamke wa maneno machache na mikono yenye grisi isiyotoka hata kwa sabuni ya kipande. Fomu yake aliirudisha mapema asubuhi, peke yake, akaondoka akarudi kazini.

Msimamizi alimaliza majina thelathini. Halafu akavuta fomu ya yule fundi, akaweka rula, akaangalia huku, akaangalia kule. Akavua miwani. Akaigeuza ile fomu ielekee upande wa Diwani.

"Mheshimiwa," akasema kwa sauti ya chini, "hii saini ni ya nani?"

Mdhamini namba nne. Mkia, mizunguko miwili, nukta. Karatasi ilikuwa imebonyea kwenye ile nukta kama imechomwa na mwiba.

Nyimbo za nje ziliendelea, ila Diwani hakuzisikia tena. Alichokisikia ni asubuhi moja siku kumi na moja nyuma, getini kwake, watu wanane wamepanga foleni, na shemeji yake akiwa wa tano, karatasi mkononi. Alikuwa amemwambia maneno matatu tu: shemeji, soma kwanza. Na yeye, mbele ya watu, alikuwa amejibu kwamba ndugu wa mke hasomwi, anasainiwa, leta hapa. Foleni nzima ilicheka. Yeye alicheka kuliko wote, akasaini juu ya mgongo wa muuza nyanya.

Alijaribu kuliweka jambo kama mzaha. Akasema ni makosa madogo ya kifamilia, likatwe tu hilo jina, kazi iendelee. Msimamizi akamweleza kwa upole, na upole wake ndio uliomtia Diwani baridi. Mgombea hawezi kuwa mdhamini wa mgombea mwingine. Jina likishakuwa kwenye fomu iliyopokelewa, hakuna wa kulikata isipokuwa mgombea mwenye fomu hiyo, kwa mkono wake, hapa mezani. Na akilikata lazima aweke mwingine palepale, kwa sababu fundi alileta wadhamini kumi kamili, si zaidi. Wakibaki tisa, fomu yake inakufa, na ya Diwani nayo haigongwi muhuri mpaka nafasi hiyo ijazwe.

"Na asipokuja?"

"Yake ilipokelewa kwanza. Saa kumi nafunga mlango. Yako itakuwa batili, yake itakuwa halali. Atapita bila kupingwa."

Diwani alijipapasa mfukoni atafute leso, na msimamizi akachukua nafasi hiyo kumkumbusha kwamba kitambulisho chake cha mpiga kura pia hakijaonekana mezani. Kilikuwa kwenye shati la jana. Alimpigia mkewe, akamwomba akilete haraka, akakata simu kabla hajaulizwa kulikoni. Kisha akampigia shemeji yake mara nne. Simu iliita ikachoka.

Alitoka kwa mlango wa nyuma, akampungia Kinyozi kwa kidole kama mtu anayeita paka wa jirani. Saa ilikuwa nane na dakika arobaini.

Njia ya kwenda kisimani inapita katikati ya mashamba, na mvua ya juzi ilikuwa imeiacha na madimbwi. Kinyozi alitaka kujua kuna nini. Diwani alimwambia aangalie mbele. Waliangusha pikipiki mara moja, kwenye dimbwi la tatu, na shati jeupe likapata rangi ya kata.

Walimkuta fundi amepiga magoti juu ya sakafu ya kisima, spana mkononi, na wanawake wawili wamemshikia kamba. Kichwa cha pampu kilikuwa kimelazwa pembeni. Kwa wasiojua, pampu ya mkono ina mabomba marefu yanayoshuka ndani ya shimo, kipande juu ya kipande, na ukitaka kubadilisha mpira wa chini kabisa unayavuta yote nje, kisha unayarudisha moja moja. Wakati unaunganisha kipande cha juu, vyote vilivyo chini vinashikiliwa na kibano cha chuma. Kibano kikiachia, mabomba yanazama, na kisima kimeisha. Foleni ya ndoo ilizunguka mpaka nyuma ya ukuta. Wenye ndoo walimtazama Diwani kuanzia viatu mpaka kola.

Fundi hakuinua kichwa. "Karibu shemeji. Vimebaki vipande vinne."

Diwani aliinama, akamnong'oneza habari yote kwa pumzi moja. Alimwita shemeji, akamwita mdogo wangu, akamkumbusha harusi yake ambayo yeye ndiye alisimamia viti. Akamwambia wao ni damu moja, na kwamba jambo hili likitoka nje litaaibisha ukoo mzima. Fundi alimsikiliza huku akifunga uzi kwenye meno ya bomba. Alipomaliza, akamwambia mmoja wa wale wanawake apumzike, amechoka, na akamwonyesha Diwani mpini wa kibano. Akamweleza ashike kwa mikono miwili, asiuachie hata nyuki amkalie puani.

Basi akashika. Angefanyaje? Watu hamsini wanamwangalia, na chini ya mikono yake yananing'inia mabomba yote ya kata. Simu ikaanza kuita mfukoni. Ikanyamaza. Ikaita tena.

"Ulinitegea," akasema kwa meno yaliyofungwa.

Fundi alizungusha spana taratibu. Sauti yake haikupanda wala kushuka. Alimweleza kwamba mpira huu anaouweka ameukata mwenyewe kutoka kwenye tairi la ndani la baiskeli, na utadumu labda miezi miwili. Mpira halisi uko wilayani, unatolewa kwa barua. Barua hiyo alimpelekea Diwani mara nne, na mara nne Diwani aliisaini palepale. Chini ya mahali pa saini pana mistari mitatu imeandikwa maoni ya diwani. Wilayani wakikuta mistari mitupu, barua inarudi. Ilirudi mara nne. Pampu ikakaa mbovu miezi minane.

Diwani alihisi jasho linamtiririka mpaka kwenye mkanda. "Ungeniambia."

"Kila mara nilikuambia soma kwanza." Aliweka kipande cha pili, akakaza. "Ya tano ikawa fomu. Nilisema hivi: leo akisoma, naichukua fomu yangu narudi nayo nyumbani, simgombei mtu. Nilikaa pale foleni naomba Mungu usome. Zungusha kulia kidogo. Basi hapo."

Kibano kilimkata Diwani viganja. Kuna wazo lilimpita kichwani, na leo analikiri: kwamba akiuachia tu ule mpini, shemeji yake hatakuwa na pampu ya kujivunia, na uchaguzi utakuwa mwingine kabisa. Wazo lilipita likaenda zake, ila vidole vilikuwa vimeshalegea kidogo kwenye mpini, na fundi akaona.

"Nishike mimi, Mheshimiwa?" akauliza yule mwanamke aliyekuwa amepumzishwa.

"Nimeshika," akasema Diwani.

Kipande cha tatu. Cha nne. Kichwa cha pampu kikapandishwa, nati zikakazwa. Saa ya Kinyozi ilisema tisa na nusu kasoro dakika mbili, na Diwani akadhani sasa wanaondoka, lakini fundi alishika mpini wa pampu akaanza kusukuma. Hatoki, akasema, mpaka maji yatoke. Hajawahi kuacha kazi bila kujua imekwisha. Diwani alihesabu. Kumi, hakuna kitu ila pumzi ya shimo. Kumi na nane. Ishirini na tano. Kwenye thelathini na moja pampu ilikohoa, ikatema kutu, kisha maji yakaja. Hakuna aliyeshangilia. Ndoo ya kwanza iliwekwa chini ya mdomo wa bomba kwa mlio mmoja, foleni ikasogea hatua moja, na basi.

Fundi alifuta mikono. Ndipo akamjibu swali ambalo Diwani alikuwa hata hajathubutu kuliuliza.

"Nitakuja nilikate jina lako. Si kwa sababu ya viti vya harusi. Nikipita bila kupingwa, miaka mitano yote mtasema fundi alipata kiti kwa karatasi. Mimi nataka nikuangushe ukiwa umesimama."

Akauliza mdhamini mwingine atapatikana wapi, kwa sababu wale wanawake wawili wa kamba tayari walikuwa kwenye fomu yake. Diwani akampiga bega, nusura acheke. Pale ofisini, akasema, nimeacha watu thelathini.

Walipanda watatu kwenye pikipiki moja, Kinyozi mbele, fundi katikati na mfuko wake wa spana, Diwani nyuma amekalia chuma. Kwenye dimbwi la tatu walishuka wakasukuma. Walifika saa kumi kasoro dakika kumi na tano. Msimamizi alikuwa ameshaweka kitabu chake kwenye begi na kukitoa tena. Alimpa fundi kalamu, na fundi, kwa mkono wake, akapiga mstari juu ya ule mkia wa saini kutoka mwanzo mpaka kwenye nukta. Nafasi ya nne ikabaki wazi. Ikiwa itabaki wazi hivyo mpaka saa kumi, wote wawili wataanguka, na kata itakaa bila hata mgombea mmoja.

Diwani alitoka nje kwa watu wake. Alieleza kwa haraka kwamba anamhitaji mtu mmoja, mmoja tu. Yeye atalikata jina la mtu huyo kwenye fomu yake mwenyewe, abaki na ishirini na tisa, na mtu huyo aingie ndani asaini fomu ya fundi. Ni suala la sheria, akasema, hakuna ubaya.

Watu wakatazamana. Mwenye mashine ya kusaga, aliyekuwa wa kwanza kwenye orodha, alitabasamu akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyekuwa akisubiri swali la mtihani na limekuja lilelile.

"Mimi hunipati, Mheshimiwa."

Diwani akamwambia si mtihani. Mwenye mashine akasema hivyohivyo ndivyo alivyowaambia asubuhi kwamba atasema. Diwani akamgeukia seremala. Seremala akarudi nyuma hatua mbili, mikono mgongoni. Akamshika mkono muuza nyanya, yule yule wa mgongo, akamsihi kwa jina la watoto wake, na muuza nyanya akaanza kulia, akasema yuko tayari kufa na Diwani lakini si kumsaliti. Nyuma mtu alinong'ona kwamba kweli kalishwa kitu, hebu mtazameni lile shati. Kinyozi, aliyekuwa na habari yote tangu kisimani, alikuwa ndiye tumaini la mwisho. Diwani alimtazama. Kinyozi alitazama chini, akasema kwamba yeye aliapa mara mbili, na kwamba watu wote hawa ni wateja wake. Akionekana leo anasaini upande wa pili, kesho nani atampa kichwa anyoe?

Uwanja mzima ulijaa watu, na hakukuwa na mtu. Saa kumi kasoro dakika saba.

Alirudi ndani. Fundi alikuwa amesimama dirishani, na kwa mara ya kwanza siku ile uso wake ulikuwa umekaza. Naye sasa alikuwa na cha kupoteza, na alikipoteza kwa kumhurumia mtu. Alimwuliza Diwani, taratibu, wale thelathini wako wapi. Diwani aligeuza uso upande wa ukuta.

Kwenye benchi la ukutani, mkoba magotini, alikuwa amekaa mkewe. Alikuwa amefika zamani, amekabidhi kitambulisho, na alikuwa amepiga simu mara tatu kusema kipo, bila kujibiwa. Kwa nusu saa nzima alikuwa amemsikiliza msimamizi akimweleza hali ilivyo.

Diwani alimwangalia kama mtu anayeona mlango kwenye ukuta. Katika wadhamini wote thelathini, wenye mashine na maseremala, mkewe hakuwamo. Hakumwomba. Hata hakumbuki aliamua lini kutomwomba. Jina lake halikumjia hata kichwani, kwa sababu saini ya mke aliiona haina uzito mbele za watu.

Msimamizi alikuwa wa kwanza kusema. Alimwuliza mama kama ni mpiga kura wa kata hii, na kama amemdhamini yeyote. Mama akasema ni mpiga kura, na kwamba hajaombwa na mtu.

"Mama watoto," Diwani akasema. "Hebu saini hapo kwa mdogo wako."

Mkewe alisimama, akaja mezani, akaomba kiti. Akakaa. Akatoa miwani kwenye mkoba, akaifuta kwa pindo la nguo, jicho moja, kisha jicho la pili. Akaivuta fomu. Saa ya ukutani ilikuwa na mshale mwekundu wa sekunde unaoruka badala ya kutembea, na Diwani alisikia kila mruko.

Alianza kusoma kutoka juu kabisa, kwenye nembo. Akasoma jina la kata. Akasoma jina la mdogo wake, umri wake, kazi yake. Akageuza ukurasa wa pili, akarudi wa kwanza. Diwani akamwambia kwa sauti ya kubembeleza kwamba ni fomu ya kawaida tu, mahali pa saini ni hapo penye namba nne, asaini tu. Mkewe aliendelea kusoma. Alikuwa amefika kwenye tamko la mdhamini, na tamko hilo alilisoma kwa sauti, neno kwa neno, kidole kikifuata.

"Mimi niliyesaini hapa chini ninamfahamu mgombea aliyetajwa. Ninamwona anafaa kuiongoza kata hii. Ninamdhamini kwa hiari yangu, bila kushurutishwa na mtu."

Akainua macho juu ya miwani, akamtazama mumewe, akamtazama mdogo wake, akarudi kwenye karatasi. Dakika tatu. Msimamizi alikuwa ameshika muhuri hewani. Fundi alikuwa ameubana mfuko wa spana kifuani kama mtoto. Diwani alitaka kupiga kelele, na alijua akipiga kelele ataulizwa ni nani anamshurutisha mwenzake.

Mkewe alisaini. Jina lote, herufi zote, hakuna mkia. Akaandika na tarehe.

Muhuri ulishuka kwenye fomu ya fundi, kisha kwenye fomu ya Diwani. Msimamizi akafunga daftari, akaenda akafunga mlango, na nje mtu akauliza ni saa ngapi, akajibiwa ni kumi. Watu thelathini wakaanza kuimba upya, kwa nguvu zaidi, wakijua wameshinda mtihani.

Fundi alimpa dada yake mkono wa grisi, akasema asante dada, akaenda kuchukua spana moja aliyoiacha kisimani. Kwa shemeji yake alisema tu watakutana mwezi ujao.

Diwani na mkewe walirudi nyumbani kwa miguu. Mwanzoni Diwani alikuwa anapumua kama mtu aliyetoka majini. Lakini walipopita nyumba ya tatu, na mama mmoja akawasalimia akicheka kicheko kisicho cha kawaida, pumzi ilimrudi na wasiwasi ukaja nayo. Kesho habari itakuwa sokoni: mke wa Diwani kamdhamini mpinzani wa mumewe. Itapigwa chumvi, itapewa miguu. Akaanza kumpangia mkewe cha kusema. Akuulizaye, akasema, mwambie ulikuwa unamwokoa mumeo. Mwambie lilikuwa suala la utaratibu.

Mkewe alitembea.

Diwani akamwuliza, kwa namna ya utani ambao haukuchekesha, kwamba kura yake lakini ni ya nyumbani, au vipi? Mkewe akamjibu kwamba kura ni siri, yeye kama diwani anapaswa kulijua hilo. Diwani akasimama katikati ya njia. Akamwambia asifanye mchezo, kwamba hajui siasa, kwamba watu wataichukua saini ile kama neno la kweli. Akamwambia miaka ishirini na sita wamekula sahani moja. Na mkewe alipoendelea kutembea, akamkimbilia, akamshika kiwiko, sasa akiomba.

"Basi nisaidie kitu kimoja. Waambie ulisaini tu."

Mkewe alikitoa kiwiko chake, taratibu, akamtazama kuanzia lile shati mpaka usoni.

"Wa kusaini tu ni wewe, baba watoto. Mimi nimesoma."